Everlyn Nicodemus na swali la bibi yangu

Nimeadimika kidogo, ila UE zinakaribia na kila mtu anajua hali ya hapa chuo ilivyo. Leo naweka vitabu vya ualimu pembeni niwaletee historia kidogo.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Lupingu, Ludewa, kule unakoshuka milima ya Livingstone mpaka ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Nilikwenda na dodoso langu la utafiti kuhusu wanawake wa Kikisi wanaofinyanga vyungu. Nikamkalisha bibi, nikaanza: jina, umri, ulianza lini. Akajibu matatu, akanyamaza. Halafu akaniuliza, "Sasa mjukuu wangu, unaniandika mimi au unaandika vyungu?" Sikuwa na jibu, nikabaki kucheka tu.

Niliporudi chuo nikasoma habari za mchoraji wetu Everlyn Nicodemus, nikagundua kuwa swali la bibi lina historia ndefu.

Tuanzie mbali. Mwaka 1905 vijana wa Dresden, Ujerumani, walianzisha kikundi kinachoitwa Die Brücke. Hao ni kati ya waliofungua njia ya ekspreshonizimu, yaani uchoraji unaotanguliza hisia: rangi kali, sura zilizopindishwa, si kunakili kitu kama kamera. Mengi waliyapata kwa kutazama michongo ya Afrika na ya visiwa vya Pasifiki kwenye makumbusho ya mji wao. Mwaka huohuo huku kwetu Vita vya Maji Maji vilikuwa vimewaka, na Wapangwa wa milima yetu nao waliingia. Kule Mjerumani anashangaa michongo ya Mwafrika, huku Mjerumani anampiga Mwafrika risasi. Na kote kuwili Mwafrika mwenyewe hakuulizwa neno.

Sasa Nicodemus. Alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1954, akahamia Sweden 1973. Akasoma anthropolojia ya jamii Chuo Kikuu cha Stockholm, lakini hakuridhika na jinsi fani ile ilivyomgeuza Mwafrika kuwa kitu cha kuchunguzwa. Akashika brashi. Na onyesho lake la kwanza la peke yake hakulifanyia Ulaya, jamani! Lilikuwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980. Jengo ambalo wengi wetu tulipelekwa na shule kutazama vitu vya kale, safari hiyo lilimpa nafasi mwanamke aliye hai ajisemee mwenyewe.

Mwaka 1982 akajichora akiwa na nyuso kadhaa zinazopandana, kama mtu anayesema "mimi si mmoja tu". Kati ya 1984 na 1986 akafanya kazi ya Mwanamke Duniani, katika Denmaki, Tanzania na India. Hapa ndipo aliponikamata. Alikutana na wanawake, wakazungumza maisha yao, yeye naye akiwa mwanamke mwenzao, ndipo akachora na kuandika mashairi. Kwanza sikio, kisha rangi. Mimi nilianza na kalamu.

Baadaye, mwaka 2012, alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Middlesex, Uingereza. Mwaka 2022 ile picha ya nyuso nyingi ikanunuliwa na National Portrait Gallery ya London, ikawa picha ya kwanza ya kujichora ya mwanamke mweusi kuingia katika hazina yao. Mwaka 2024 Edinburgh wakamfungulia onyesho kubwa la kazi za maisha yake. Lakini ukiuliza darasani kwetu mchoraji wa Tanzania, utajibiwa Tingatinga, basi, kimya. Na sisi ndio walimu wa kesho!

Ripoti yangu bado inadai majedwali ya umri na miaka ya kazi. Nitayajaza, maksi nazihitaji. Ila ukurasa wa kwanza utaanza na swali la bibi. Na nikirudi Lupingu, dodoso litabaki kwenye begi. Nitamsaidia kwanza kukanda udongo, akipenda kusema nitasikiliza.

Je, mdau, wewe nyumbani kwenu umewahi kumsikiliza nani mpaka mwisho?

Tuko pamoja. Narudi kwenye nondo.