Moyo Mtakatifu wa Yesu: Ibada Hii Ilikotoka



Wapendwa Wakristu, nanyi wakatekumeni wa Masisi na Walikale mnaojiandaa kwa Ubatizo, mnaijua ile picha inayotundikwa ukutani katika nyumba nyingi: Bwana wetu anaonyesha kifua chake, na moyo wake unawaka moto, umezungushiwa miiba, una jeraha, na msalaba umesimama juu yake. Mzee mmoja alituuliza: «Kwa nini moyo umetolewa nje? Kwetu mtu huuficha moyo wake.» Swali hilo ni jema, nasi twalijibu kwa historia.

Mchoraji siye aliyeufungua moyo huo. Injili ya Mtakatifu Yohane yatueleza kwamba Yesu alipokwisha kufa msalabani, askari alimchoma ubavuni kwa mkuki, ikatoka damu na maji. Tangu zamani Mababa wa Kanisa waliona katika maji hayo Ubatizo, na katika damu hiyo Ekaristi. Nanyi mjue kwamba moyo katika Biblia si nyama tu ipigayo kifuani, bali ni mahali mtu anapofikiri na kuamua. Hayo si mageni kwenu: asemaye «umutima» kwa Kinyarwanda au «omutima» kwa Kinande huwaza hivyo hivyo.

Miaka zaidi ya elfu moja baada ya mkuki ule, katika nchi iitwayo leo Ubelgiji, aliishi mtawa jina lake Lutgarda, aliyezaliwa mwaka 1182 katika mji wa Tongeren. Yasimuliwa kwamba Bwana alimpa neema ya kuzielewa Zaburi za Kilatini, lakini elimu hiyo haikumtosheleza. Bwana akamwuliza, «Wataka nini basi?» Naye akajibu kwamba autaka Moyo wake. Bwana akamwambia kuwa yeye ndiye autakaye zaidi moyo wa Lutgarda. Ndipo wakabadilishana mioyo. Lutgarda aliishi katika monasteri ya Aywières, kati ya watawa waliosema Kifaransa, wala hakukijua vema Kifaransa hadi kufa kwake mwaka 1246. Ninyi mnaosali pamoja na jirani wa lugha nyingine, mkumbukeni mtawa huyo.

Baadaye, katika Ufaransa, Mtakatifu Margareta Maria Alacoque, mtawa wa Paray-le-Monial, alitokewa na Bwana kuanzia mwaka 1673. Kwake yeye tumepata sura ya moyo wenye miiba na moto, pamoja na Komunyo ya Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Baba Mtakatifu Pio wa Tisa aliieneza sikukuu katika Kanisa lote mwaka 1856, na Leo wa Kumi na Tatu akauweka wakfu ulimwengu mzima kwa Moyo huo mwaka 1899.

Sasa turudi kwetu. Lutgarda alikuwa wa ukoo wa watawa wa Sito, na Watrapisti ni tawi la ukoo huo. Mwaka 1954, Watrapisti wa abasia ya Scourmont, huko Ubelgiji, walianzisha monasteri ya Mama Yetu wa Mokoto, karibu na maziwa ya Mokoto katika Masisi. Hapo walisali Zaburi zile zile usiku na mchana.

Machi 1993, damu ilimwagika sokoni Ntoto, katika Walikale, na mapigano yakaenea hata Masisi. Jirani alimwogopa jirani, na wengi waliouana walikuwa wamebatizwa. Hatuwezi kulificha jambo hilo, kwa maana ile miiba ya picha yalisema waziwazi. Mwaka 1996 watu waliofukuzwa makwao kwa sababu ya kabila lao walikimbilia Mokoto, na watawa wakawafungulia mlango. Mwezi wa Mei washambuliaji waliingia katika monasteri wakawaua wengi ndani yake. Watawa nao wakalazimika kukimbia.

Wengine huitundika picha ya Moyo Mtakatifu mlangoni kama hirizi, ili adui asipite. Hilo ni kosa, nasi twalikataza. Picha hii haina nguvu ya dawa. Moyo ule wenyewe haukuukwepa mkuki, wala kuta za Mokoto hazikuwazuia wauaji. Mwenye kuiweka picha hiyo nyumbani amekubali kuwa mlango wake unaweza kugongwa usiku na mtu wa kabila asilolipenda, naye ataulizwa kama atafungua.

Baada ya miaka ya kuishi Goma, watawa walirudi Mokoto. Januari 2023, vita vilipofika Kitshanga, watu walipanda tena njia ya kwenda monasteri, akina mama wakiwa na watoto mgongoni, nao wakapokelewa.