Wabeba Mbege wa Sam Ntiro

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Muheza 1896, ikasuasua njiani, na Moshi ikaifikia 1911. Tangu hapo kahawa ya Kilimanjaro ilipita Muheza magunia kwa magunia ikielekea melini. Kahawa ilipita, maisha ya walioilima yalibaki mlimani. Aliyeyatoa huko akayaonyesha ulimwengu ni mchoraji Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame, huko huko Kilimanjaro, mwaka 1923.

Ntiro alisoma Makerere, Uganda, kwa Margaret Trowell, Mwingereza aliyewahimiza wanafunzi wake wachore maisha ya kwao. Kutoka hapo alikwenda Slade, chuo cha sanaa cha London, kisha akarejea Makerere kufundisha. Masomo ya Ulaya hayakumhamisha kijijini kwake.

Mwaka 1956 alichora kwa rangi za mafuta picha ndogo, kama sentimita 41 kwa 51: wanaume wanampelekea bibi harusi pombe ya ndizi, usiku. Pombe hiyo, mbege, hupikwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, na kwa Wachaga mambo ya ndoa hayaendi bila hiyo. Ntiro hakumchora Mangi, mtawala wa Wachaga, wala theluji ya kilele cha Kibo inayopendwa na wageni. Aliwachora wabebaji.

Huko Ufaransa, mchoraji Camille Pissarro na wenzake, walioonyesha kazi zao pamoja kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1874, nao waliona mkulima anastahili turubai. Lakini wao walikwenda na rangi zao hadi kondeni, wakiwahi nuru kabla haijageuka. Ntiro alichora kwa kumbukumbu, Machame ikiwa mbali. Nadhani ndiyo sababu watu wake huwa wengi na wadogo, wameshikamana katika kazi moja: yeye alikumbuka shughuli kuliko sura za watu.

Mwaka 1960 jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA, liliinunua picha hiyo. Mwaka uliofuata Tanganyika ikapata uhuru, na mchoraji akapelekwa London kuiwakilisha nchi yake. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam; alifariki 1993. Picha ingali mali ya jumba lile la Marekani. Natamani nakala yake itundikwe katika madarasa ya huku, Muheza na Machame, watoto waitazame kwa nafasi.