Kitenzi "Kutia Moyo" katika Maelezo ya Vita vya Majimaji
Sentensi "Kinjikitile aliwatia moyo wapiganaji" ni sahihi kisarufi: kiambishi -wa- kinawarejelea waliopokea moyo huo. Kihistoria, hata hivyo, sentensi hiyo haitoshelezi. Wamatumbi wa Nandete walikuwa wamechoshwa na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, wakaing'oa pamba Julai 1905. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita vikiwa bado vichanga. Navyo viliendelea hadi 1907. Maji ya Ngarambe yalitia moyo, naam, lakini kumfanya marehemu kuwa mtenda pekee kwa miaka miwili ni kupotosha. Kwa kipindi hicho inafaa zaidi kauli ya kutendana: Wamatumbi, Wangindo na Wangoni walitiana moyo.