Vitabu Vikuukuu vya Nairobi

Mtu atokaye Nairobi kuja Kakamega hangojewi aje mikono mitupu. Watoto hutazamia mkate, wazee hutazamia sukari na majani ya chai, na jirani hupita jioni kuuliza habari za safari huku jicho lake likiukagua mzigo. Mimi kwa miaka mingi nimekuwa nikirudi na mzigo usiopendwa na mtu nyumbani, yaani vitabu vikuukuu vyenye majalada yaliyochanika na harufu ya vumbi. Siku moja mama yangu aliniuliza, "Mwanangu, vitabu hivi vimekosa nini hata wenyewe wakavitupa?" Sikuwa na jibu siku ile. Jibu nimelipata baadaye, kidogo kidogo, nalo lahusu historia yetu kuliko linavyohusu biashara ya vitabu.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi vitabu vilivyoingia katika nchi yetu ya magharibi. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka uliofuata wamisionari wa Kanisa la Marafiki kutoka Marekani wakafika Kaimosi. Walileta mafundisho yao, wakaleta ufundi wa mbao na wa chuma, na haukupita muda mrefu wakawa na mtambo wa kupiga chapa. Vitabu vya kwanza ambavyo watu wa kwetu walivishika mikononi vilikuwa vya kujifunzia kusoma, vya nyimbo za kanisa, na sehemu za Maandiko kwa Kilogooli. Biblia nzima kwa lugha hiyo ilitoka mwaka 1951. Makao ya Serikali nayo yalihamishwa kutoka Mumias yakaletwa Kakamega mwaka 1920. Basi mji ukawa na ofisi, na ofisi zikawa na makaratasi. Mtu aliyetaka kusoma habari za babu zake kitabuni, huyo hakuwa na pa kwenda.

Si kwamba habari hizo hazikuwa zikiandikwa. Mwaka 1931 dhahabu ilionekana karibu na Kakamega, na mwaka uliofuata Wazungu waliofika kuitafuta walikuwa wengi, wakipiga mahema yao katikati ya mashamba ya watu. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya Waafrika ikitwaliwa, ardhi nyingine ya thamani sawa itatolewa badala yake. Sheria hiyo ilibadilishwa mwezi wa Desemba 1932, kabla wino wake haujakauka vema, ili fedha iweze kulipwa mahali pa ardhi. Wakati huo huo Tume ya Ardhi chini ya Sir Morris Carter ilikuwa ikisikiliza mashahidi, na wazee wa kwetu walikuwa miongoni mwao. Maneno yao yalitafsiriwa, yakapigwa chapa kwa Kiingereza katika mabuku matatu makubwa, na taarifa ya Tume ikatolewa mwaka 1934. Fikiria, msomaji, mzee asemaye mbele ya watu jinsi shamba lake lilivyochimbwa, kisha maneno yake yakafungwa katika kitabu asichoweza kukinunua, katika lugha asiyoweza kuisoma.

Jambo hilo lilirudiwa. Mjerumani Günter Wagner alikaa kwetu katika miaka ya 1930, akauliza maswali mengi juu ya ndoa, matambiko, mirathi na mashamba, hasa kwa Wamaragoli na Wabukusu. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1949, na cha pili mwaka 1956, yeye akiwa amekwisha kufa. Ni vitabu vya maana sana, vilivyoandikwa kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya. Huko Nairobi nako, maktaba nzuri ya McMillan, yenye nguzo za mawe na sanamu za simba mlangoni, ilifunguliwa mwaka ule ule wa 1931 dhahabu ilipoonekana kwetu; lakini kwa muda mrefu ilikuwa ya Wazungu peke yao. Baraza la jiji liliichukua mwaka 1962.

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1948, liliposimamishwa shirika la East African Literature Bureau, lililochapisha vitabu kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za nchi hizi, na hata kuazima watu vitabu kwa njia ya posta. Ndipo wana wa nchi wenyewe wakashika kalamu. John Osogo alitoa historia yake ya Waluhya mwaka 1966. Gideon Were akafuata mwaka 1967 na historia yake, na mwaka huo huo akatoa kitabu kingine, ambacho kwangu mimi kina thamani kupita vyote: masimulizi ya wazee, ukoo kwa ukoo, jinsi alivyoyapokea alipokuwa akizunguka vijijini. Were aliwafuata wazee hao kabla hawajafa. Laiti angechelewa miaka kumi, nusu ya maneno yale yangekuwa udongoni.

Mashirika nayo hufa kama watu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Bureau ikaenda pamoja nayo. Vitabu vya namna ile havikuwa na wanunuzi wengi, wala havikuwa vya mtihani. Leo ukiingia katika duka la vitabu vipya utaonyeshwa vitabu vya darasani kuanzia sakafuni hadi darini, na ukimtaja Osogo mwuzaji atakuuliza yuko kidato gani.

Ndiyo maana nikashika njia ya mitaa ya Nairobi. Basi la usiku humfikisha mtu mapema, wakati wauzaji wanapofungua magunia yao na kutandika mifuko ya plastiki kando ya njia, Tom Mboya Street na vichochoro vinavyoshuka kuelekea River Road. Wenyeji huyaita maduka ya namna hiyo "inama", kwa kuwa mnunuzi hana budi kuinama ili ayasome majina ya vitabu vilivyolazwa chini. Nimeona katika safari zangu watu wenye suti, wanafunzi, na mapadri, wote wameinama katika mstari mmoja, hakuna mkubwa wala mdogo. Miji mingine mikubwa ina mahali pa jinsi hiyo: Paris ina masanduku ya vitabu kandokando ya mto Seine, Cairo ina soko la Azbakiya, na Baghdad ina mtaa wa Mutanabbi. Mji usio na mahali pa vitabu vikuukuu, kwa maoni yangu, bado haujawa mji mkubwa, hata ukiwa na majumba marefu.

Vitabu hivyo hutoka wapi? Jalada la ndani husema. Vingi ni vya shule; mwezi wa Januari wazazi hubadilishana vya mwaka uliopita kwa vya mwaka mpya, ingawa biashara hiyo ilipungua tangu Serikali ilipoanza mwaka 2018 kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni. Vingine vina mihuri ya maktaba za Uingereza na Marekani, vilivyoondolewa huko vikasafirishwa kama nguo za mitumba. Vingine vya zamani vina majina ya Wazungu na Wahindi yaliyoandikwa kwa wino uliofifia, watu waliouza vyombo vya nyumba zao wakaondoka baada ya uhuru wa 1963. Kuna na vile vya walimu wetu waliokufa, ambavyo warithi hawakujua vya kuvifanyia. Na kuna aina ya mwisho, ambayo ndiyo iliyonisumbua.

Nilikuwa nimekitafuta kile kitabu cha masimulizi cha Were kwa miaka sita. Nilikuwa nimejifunza kutoonyesha hamu, maana mwuzaji husoma uso wa mnunuzi kuliko asomavyo vitabu vyake. Asubuhi hiyo nilikiona chini ya kamusi ya Kifaransa. Nikachukua kwanza kamusi, nikauliza bei yake, nikaona ni ghali, kisha nikauliza kana kwamba sijali, "Na hiki kikuukuu je?" Akasema shilingi mia tano. Tukashindana, tukakubaliana mia tatu na hamsini. Nilipokifungua ili nione kama kurasa zimetimia, nikaona muhuri wa shule moja ya sekondari ya wilaya yetu, pamoja na namba ya kitabu.

Nikamwuliza kilimfikiaje. "Mwalimu," alinijibu bila hasira, "mimi hununua gunia zima. Kitabu hakiji na mdomo." Nilisimama pale kwa muda. Nikikiacha, atakuja mtu mwingine akinunue, labda mgeni atakayekipeleka nchi za mbali, na maneno ya wazee wetu yatahama mara ya pili. Nikikinunua nitakuwa nimelipa bei ya kitu kilichoibwa, na nitakuwa nimemfundisha mwizi kwamba vitabu vya shule vina soko. Wapo rafiki zangu walioniambia baadaye kwamba nilifanya kosa. Sijui kama wamekosea. Nilitoa fedha, nikakifunga ndani ya gazeti.

Njiani, basi lilipokuwa likipita Nakuru, nilisoma masimulizi ya koo zilizohama zikavuka mito, zikagombana, zikaozana, na vijiji nilivyovijua kwa macho yangu vikawa na sababu ya majina yao. Niliona haya, kwa kuwa nimekuwa mwalimu wa historia kwa miaka mingi, nikiwafundisha wana wa Kakamega mambo ya Napoleon kwa ufasaha.

Juma lililofuata nilikipeleka kitabu katika shule ile. Chumba kilichokuwa maktaba kilikuwa na madawati mabovu upande mmoja na magunia ya mahindi upande mwingine. Mwalimu mwenye ufunguo, kijana wa heshima, alitafuta daftari la zamani mpaka akalipata, akafuata namba kwa kidole. Jina la kitabu lilikuwamo, wala halikuwa limekatwa. Kwa hesabu ya shule kitabu hakikuwahi kuondoka. Hivyo hapakuwa na safu ya kuandika kwamba kimerudi. Alifikiri kidogo, akaomba radhi kwa hali ya chumba, kisha akakiweka mezani kwake ofisini badala ya rafuni.

Nilipopita tena muhula uliofuata, kilikuwa kimefungwa kwa karatasi ya kaki, na kamba imetiwa kwenye jalada kukishikiza na mguu wa meza. Wasichana wawili wa kidato cha tatu walikuwa wamekiinamia, wakitafuta ukoo wa mama zao.