Nyongeza za Pikipiki Mpya

Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Msomaji, ukitaka kuuona ukweli wa methali hii, simama asubuhi moja sokoni Karurumo, katika kaunti ya Embu, mahali pikipiki za abiria zinapongojea kazi. Huenda ukaiona moja ambayo bado ina harufu ya duka, na nailoni ya kiwandani haijabanduliwa kitini. Mwenyewe huizunguka, huipangusa vumbi lisilokuwapo, na kabla ya juma kwisha huipeleka kwa fundi. Je, kimeharibika nini? Hakuna kilichoharibika. Anaipeleka kuongezewa vitu.

Insha hii yakusudia kueleza historia ya vitu hivyo. Pengine utadhani kuwa vyuma, vioo na taa ni mambo madogo mno yasiyostahili kuitwa historia, ambayo tumezoea kuisoma katika habari za wafalme, vita na mikataba. Lakini fikiri kidogo. Mwenye kuunda chombo humwundia mtu asiyemjua. Anunuaye ndiye aijuaye njia yake, mvua yake na mzigo wake. Kila kinachoongezwa ni jibu la swali ambalo kiwanda hakikuulizwa. Kwa hiyo, tukizichungua nyongeza hizi, twaweza kujua watu walihitaji nini, walipenda nini, na, lililo kubwa zaidi, walimjali nani.

Tuanze mbali kidogo, katika nchi ya Italia, ilikozaliwa skuta iliyopata sifa kuliko zote. Vita Kuu vya Pili vilipokwisha, kampuni ya Piaggio, ambayo ilikuwa ikiunda ndege, ilijikuta na viwanda vilivyobomolewa kwa mabomu. Mwenye kampuni, Enrico Piaggio, alitaka chombo cha bei nafuu kitakachowafaa watu waliochoshwa na vita. Kazi hiyo alipewa mhandisi Corradino D'Ascanio, mjuzi wa ndege ambaye hakuzipenda pikipiki hata kidogo. Aliona kuwa zachafua nguo za mpandaji, na kwamba gurudumu likipasuka njiani ni taabu kubwa kulibadilisha. Basi aliifunika injini, akaweka bamba pana mbele ya miguu liwe ngao ya matope na upepo, tena akaacha nafasi wazi katikati ili hata aliyevaa sketi aweze kuketi kwa heshima. Chombo hicho kilitokea mwaka wa 1946, kikaitwa Vespa, maana yake nyigu. Mwaka uliofuata, 1947, ikatokea Lambretta kutoka mji wa Milano. Tazama hapo, msomaji, jinsi kinga ya mpandaji ilivyofikiriwa tangu mwanzo na kuwa sehemu ya chombo chenyewe.

Skuta hizo zilienea ulimwenguni. Zilipofika Uingereza, vijana waliojiita Mods, hasa katika miaka ya mwanzo ya 1960, walizipenda kwa namna yao. Kijana alinunua skuta, kisha akaifunga vioo vingi na taa nyingi upande wa mbele, hata usukani usionekane vizuri. Mtu mmoja hahitaji vioo kumi ili kuona nyuma. Vioo vile havikuwa tena vya kutazamia njia, bali vya kutazamwa. Kwa vioo hivyo kijana mwenye mshahara mdogo alisema, bila kufungua kinywa, kwamba yeye naye ni mtu, wala si mmoja tu katika kundi. Tusiwacheke upesi. Yule wa Karurumo aandikaye jina la mtoto wake juu ya madigadi, au afungaye utepe mwekundu kwenye mishikio, anasema jambo hilohilo, na hakuna aliye na haki ya kumnyima furaha hiyo.

Sasa turudi kwetu Afrika ya Mashariki, kwa maana hapa ipo nyongeza moja iliyobadilisha maisha ya mamilioni ya watu, nayo haikuwa chuma wala taa. Ilikuwa mto wa kukalia. Katika miaka ya 1960, huko Busia, mji ulio mpakani mwa Kenya na Uganda, watu walikuwa wakivuka mpaka kila siku pamoja na bidhaa zao. Wenye baiskeli waliona riziki hapo. Baiskeli imara za wakati ule zilikuwa na keria ya chuma nyuma, iliyowekwa kwa ajili ya mzigo. Mtu akikalia chuma kitupu juu ya njia ya mawe hatakwenda mbali kabla ya kuomba kushuka. Basi mwenye akili alishona mto, akaufunga juu ya keria, na pale palipokuwa mahali pa gunia pakawa mahali pa binadamu. Waendeshaji hao waliwaita wasafiri kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "mpaka hadi mpaka", na maneno hayo, yalipopita katika vinywa vya watu wengi, yakawa "bodaboda". Kwa hiyo kazi yote tuionayo leo mijini na vijijini chanzo chake ni nyongeza ndogo, na nyongeza hiyo ilifanywa kwa kumfikiria abiria. Yafaa tulikumbuke neno hili, maana tutalihitaji mbele.

Miaka mingi baadaye, mwaka wa 2008, serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ambazo injini zake hazizidi ujazo wa sentimita 250. Pikipiki zilizotoka India na China zikashuka bei, zikaingia kila pembe ya nchi. Katika nchi ya Embu zilipokewa kama mvua baada ya kiangazi. Huku ardhi imeinamia upande mmoja: juu kuna Mlima Kenya na mashamba ya majani chai, chini yake kahawa, na chini zaidi nchi kavu ya Mbeere; mito ishukayo mlimani imeichimba ardhi ikawa matuta na mabonde. Gari halifiki kila nyumba. Pikipiki hufika. Kahawa iliyochumwa, ndizi, mgonjwa wa usiku na mwanafunzi aliyechelewa, wote hupanda chombo kimoja.

Lakini pikipiki iliyotoka kiwandani haikuujua udongo mwekundu wa Karurumo unapolowa. Ndipo fundi wa kuchomelea alipopata kazi. Kwanza hutengeneza vyuma viwili vilivyopindwa, akavifunga mbele, huku na huku, ili pikipiki ikianguka isiulalie mguu wa mpandaji wala kukwaruza tangi. Kisha hurefusha keria na kuikaza kwa nondo, ichukue gunia bila kupinda. Fundi wa viti naye hushona ngozi ya bandia isiyopenya maji. Mpira mpana huning'inizwa nyuma ya gurudumu la mbele kuzuia tope. Miezi ya Juni na Julai, ukungu na baridi ya mlima vinapoteremka, waendeshaji huvika mishikio mifuko mizito ya kuingiza mikono. Kila kimoja katika vitu hivi ni akili ya mahali, na fundi aliyekibuni astahili sifa kama mhandisi, ijapokuwa karakana yake ni kivuli cha mwembe.

Hata hivyo, si kila kinachoongezwa ni faida, wala si kila kinachopunguzwa ni hasara ndogo. Wako wanaofungua vioo vya pembeni na kuviweka nyumbani, kwa kuwa wanaona vinaharibu umbo. Wako wanaotoboa bomba la moshi ili injini ingurume, na kijiji kizima hukosa usingizi. Wako wanaofunga taa kali mno, na yule anayekuja mbele hupofuka kwa muda ule ule ambao angehitaji kuona. Tena wako wanaorefusha kiti ili wakae abiria wawili au watatu, na ambapo sheria ya barabarani ya Kenya imeruhusu mmoja tu. Mtu hapati malipo ya abiria wa tatu bila kuuza kitu, na anachokiuza hapa ni uwezo wake wa kusimamisha chombo kwa wakati.

Ipo nyongeza moja ambayo haifungwi kwenye pikipiki, nayo ni kofia ngumu. Historia yake inatoka katika kifo. Mwezi wa Mei mwaka wa 1935, huko Uingereza, T. E. Lawrence, askari na mwandishi mashuhuri, alikuwa akiendesha pikipiki yake kwa kasi katika njia ya mashambani. Ghafula alikuta mbele yake vijana wawili wa baiskeli. Aliwakwepa, akaanguka, akaumia kichwa. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Alikufa siku ya sita. Mmoja wa madaktari walioitwa kumtazama alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, mzaliwa wa Australia. Daktari huyu alianza kuchunguza ajali za pikipiki. Mwaka wa 1941 alitoa maandishi yaliyoonyesha kwamba katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa katika barabara za Uingereza. Alieleza pia jinsi kofia ngumu ilivyowaokoa wachache waliokuwa wameivaa. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza liliwaamuru wapeleka barua wake wa pikipiki kuvaa kofia hizo, na mwaka wa 1973 amri hiyo ikawa ya raia wote wa nchi ile. Shirika la Afya Duniani limewahi kueleza kuwa kofia ngumu ivaliwayo vizuri hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kwetu Kenya, sheria iliyorekebishwa mwaka wa 2012 yaamuru kofia ngumu na jaketi la kuakisi mwanga, na abiria naye hakusahauliwa.

Hapa sina budi kusema jambo langu mwenyewe, ingawa si la kujivunia. Nilipotoka chuo cha ualimu nilipelekwa katika shule iliyo mbali na lami, nikanunua pikipiki mpya kwa mkopo. Nilifanya yote niliyoyaeleza hapo juu. Nilifunga vyuma vya mbele, nikashonesha kiti, nikanunua honi yenye sauti mbili. Kofia ngumu nilikuwa nayo moja, yangu. Ya pili nilisema nitainunua mwisho wa mwezi, na miezi ikapita, kwa maana kila mwisho wa mwezi palikuwa na kitu kizuri zaidi cha kununua.

Jioni moja ya mvua nilimpakia mama yangu mdogo kutoka sokoni Karurumo, akiwa na mfuko wa maharagwe. Katika mteremko gurudumu la nyuma liliteleza, tukaanguka. Mwendo wetu haukuwa wa kasi. Mimi niliinuka nikiwa na michubuko ya magoti. Vyuma vya mbele vilifanya kazi yao, na tangi halikupata hata mkwaruzo. Mama mdogo alikuwa amepiga kichwa kwenye jiwe. Nilipomwinua, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mwanangu, pikipiki yako imevunjika?" Alilala hospitali majuma mawili. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini sikio lake la kushoto halisikii mpaka leo, na nikitaka kusema naye lazima nizunguke nikae upande wa kulia.

Nilipopiga hesabu baadaye, niliona kuwa honi na vyuma pekee vilinigharimu zaidi ya kofia ile ya pili. Sikukosa fedha. Nilikosa kumfikiria mtu aliyekaa nyuma yangu, mahali ambapo macho yangu hayafiki. Yule mtu wa Busia aliyeshona mto hakuwa na shule ya ualimu, lakini alimfikiria.

Msomaji, yawezekana kwamba siku moja nawe utanunua pikipiki, au utampa ndugu yako shauri anunuapo yake. Ipambe, kwa maana jasho lako limo ndani yake. Mpelekee fundi, ikazwe mahali panapohitaji kukazwa. Lakini kabla hujafungua mkoba, jiulize kwa kila kitu: hiki ni kwa ajili ya nani? Nawe ambaye leo u abiria tu, wapandao kila asubuhi kwenda shule, una haki ya kuiomba kofia ya pili kabla hujapanda, na kungojea mwingine kama haipo. Watu husema ajali haina kinga, nami nimelisikia neno hilo mara nyingi kituoni Karurumo, likisemwa na watu wema baada ya jambo kwisha kutokea. Huenda ni kweli kwamba ajali haina kinga. Kichwa kinayo, na huuzwa katika duka lilelile linalouza honi.