Namna ya kupunguza mabawa ya kasuku bila kumdhuru

KASUKU anayefugwa nyumbani hukabiliwa na hatari ambazo wenzake wa msituni hawazijui. Pangaboi linalozunguka darini, sufuria ya mafuta ya moto, kioo cha dirisha na mlango ulioachwa wazi ni miongoni mwa mambo yanayowaua au kuwapoteza ndege wa mijini. Ndiyo maana wafugaji wengi huamua kuyapunguza manyoya ya mabawa yao ili wasiweze kuruka juu wala mbali.

Kazi hiyo huonekana nyepesi, kwani huhitaji mkasi na watu wawili tu. Hata hivyo, ikifanywa ovyo huweza kumvunja ndege mfupa wa kidari, kumtoa damu nyingi au kumwachia woga usiokwisha.

Kinachokatwa ni nini?

Unyoya uliokomaa umejengwa kwa keratini, yaani dutu ile ile inayojenga kucha za binadamu. Hauna damu wala neva, hivyo kuukata hakumuumizi ndege. Unyoya mchanga ni tofauti kabisa. Huo ungali unalishwa na mshipa wa damu, na shina lake ni nene, laini na lenye rangi ya kiza, likiwa limefunikwa na ganda jembamba mfano wa nta. Ukikatwa, hutoka damu.

Bawa la kasuku lina manyoya makubwa 10 kwenye sehemu ya nje, ambayo humsukuma ndege kwenda mbele. Yale yaliyo karibu na mwili humsaidia kubaki hewani. Yanayopunguzwa ni baadhi ya yale ya nje tu. Kwa njia hiyo ndege hupoteza nguvu ya kupaa, lakini bado anaweza kuelea na kutua polepole. Anayekata pia manyoya ya ndani humfanya ndege aanguke kama jiwe.

Jambo hili lisichanganywe na kukata kiungo cha mwisho cha bawa. Huo ni upasuaji wa kudumu, nao haufanywi nyumbani kamwe.

Nani asikatwe?

Kinda ambaye hajajifunza kuruka aachwe kwanza aruke, kwa kuwa hapo ndipo anapojifunza kujimudu na kutua. Vilevile asiguswe ndege mgonjwa, aliyehamia nyumbani karibuni, au anayebadili manyoya na kuwa na machanga mengi.

Hatua za kufuata

Kwanza, tayarisha mkasi mkali wenye ncha butu, taulo safi, taa yenye mwanga wa kutosha na unga laini wa wanga au wa ngano. Funga milango na madirisha, kisha zima pangaboi.

Pili, mmoja amfunike ndege kwa taulo na kumshika kichwa taratibu kwa vidole viwili, kimoja kila upande wa taya. Asikibane kifua hata kidogo. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama binadamu. Hupumua kwa kukitanua kifua chake, na kikibanwa anaweza kufa mkononi. Akianza kuhema mdomo ukiwa wazi, mwachieni apumzike.

Tatu, mwingine alikunjue bawa kwa kulishika karibu na kifundo chake, wala si kwa kuvuta ncha za manyoya. Alichunguze upande wa chini, unyoya mmoja mmoja. Palipo na unyoya mchanga, aache pia ule ulio jirani nao ili uukinge.

Nne, akate unyoya mmoja kwa wakati, kuanzia ule wa nje kabisa, mahali yanapoishia manyoya madogo yanayofunika mashina. Asiyakate hayo madogo.

Tano, bawa la pili likatwe sawasawa na la kwanza. Wapo wanaokata upande mmoja tu. Ndege wa namna hiyo hupinda hewani na kuanguka vibaya.

Idadi hutegemea uzito. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu huwa na gramu 400 hadi 500 hivi, na mwili wake ni mzito. Inatosha kuanza na manyoya manne kila upande, kisha kumjaribu juu ya zulia au godoro. Akitua kwa utulivu, kazi imekwisha. Akipaa bado, ongeza moja kila upande. Kasuku wadogo ni wepesi, hivyo huhitaji kupunguzwa zaidi.

Damu ikitoka

Bandika unga kwenye sehemu iliyokatwa na kuibana kwa kitambaa safi. Isipokoma baada ya dakika chache, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa. Damu yote ya kasuku huweza kutoshea katika kikombe kidogo cha kahawa, hivyo kiasi kinachoonekana kidogo kwetu ni kikubwa kwake.

Baada ya kukata

Ndege aliyepunguzwa mabawa anaweza bado kuchukuliwa na upepo. Asitolewe nje bila kizimba, wala asiachwe karibu na paka au mbwa, kwani uwezo wake wa kukimbia umepungua. Manyoya huota upya baada ya yale yaliyokatwa kupukutika, kwa hiyo mabawa yakaguliwe kila mwezi.

Madaktari wengi wa ndege siku hizi hushauri njia nyingine zijaribiwe kwanza: nyavu madirishani, kizimba kikubwa, na kumzoeza ndege kurudi anapoitwa. Kuruka ni mazoezi yake, na anayeyakosa huweza kunenepa au kujinyonyoa manyoya kwa uchovu wa kukaa bure.

Kibali

Kasuku wa kijivu huishi katika misitu ya Afrika Magharibi na Kati hadi Uganda, na ukingo wa mashariki wa makazi yake ni msitu wa Kakamega. Mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hao waliokamatwa porini. Nchini Kenya, kumfuga kunahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Kwa asiyewahi kuifanya kazi hii, ni vyema mara ya kwanza aonyeshwe na daktari. Unyoya uliokatwa vibaya huota tena, lakini ndege aliyevunjika kidari huenda asipone.