Mizani ya Pamba: Mwanza na Anguko la Uchumi, 1976–1985

Watu wengi wakizitaja taabu zilizoipata Tanzania tangu mwaka 1979 hadi 1985, huzihesabu sababu zake kwa mpango unaojulikana: kupanda kwa bei ya mafuta, ukame wa 1973 na 1974, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na vita vya kumwondoa Idi Amin. Sababu hizi ni za kweli, wala hapana mwenye akili awezaye kuzikana. Lakini mwenye kuitazama historia hiyo kutoka Mwanza, ufukoni mwa ziwa, ataona kwamba misiba hiyo mikubwa ilikuta nyumba ambayo nguzo yake moja ilikuwa imekwisha kung'olewa. Nguzo hiyo ni ushirika wa wakulima wa pamba, nayo iling'olewa mwaka 1976 kwa amri ya Serikali yenyewe.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi nguzo hiyo ilivyosimamishwa. Katika Jimbo la Ziwa la zamani, mkulima wa Kisukuma alilalamika kwamba mizani ya wanunuzi wa pamba ilimpunja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Paul Bomani na wenzake waliwakusanya wakulima wauze mazao yao pamoja. Na mwaka 1955 vyama vyao vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Ushirika huo haukuwa wa kuuza pamba tu. Humo mtu asiyesoma alijifunza kuchagua kiongozi, kudai hesabu, na kumwondoa aliyekula fedha. TANU ilipoenea Usukumani ilikuta shamba lililokwisha kulimwa.

Haina maana kwamba ushirika ulikuwa malaika. Baada ya uhuru ulipata makarani wengi kuliko kazi, na wizi haukukosekana. Tume ya Serikali ya mwaka 1966 iliyafunua mengi. Lakini dawa ya mizani mbovu ni kuirekebisha, si kumnyang'anya mkulima haki ya kuitazama.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, jambo moja lilifuata jingine. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa. Tangu 1973 watu walihamishiwa vijijini, wengine kwa hiari na wengi kwa nguvu. Mwaka 1976 maduka ya watu binafsi vijijini yaliandamwa katika Operesheni Maduka. Na mwezi Mei mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vilifutwa. Tangu hapo pamba ilinunuliwa na Mamlaka ya Pamba, shirika la umma ambalo mkulima hakulichagua wala hakuweza kuliuliza. Bei ilipangwa mbali, na malipo mara nyingi yalichelewa. Katika muda wa miaka ya 1970, thamani ya mazao ya biashara ya mkulima wa Tanzania, ikilinganishwa na bei za vitu alivyonunua, ilishuka kwa zaidi ya theluthi moja.

Mwaka huo wa 1976 mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilipatwa na jambo jingine baya. Katika msako wa kukomesha mauaji, watu kadhaa waliokamatwa waliteswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Habari zilipofika juu, hazikufunikwa. Mnamo Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu ingawa mkono wake haukumgusa mtu. Na viongozi wengine wakaondoka vivyo hivyo. Baadaye maofisa walishtakiwa na kuhukumiwa.

Mambo haya mawili yatutaka tuyaweke kwenye mizani moja. Kwa damu iliyomwagika, dola ilitafuta mwenye dhamana, naye akawajibika. Kwa uamuzi uliomwondolea mkulima chombo chake, hapana aliyejiuzulu, kwa sababu madhara ya uchumi hayana maiti wa kuonyeshwa; huja polepole, na kila mmoja huweza kusema ni ya mafuta, au ya mvua, au ya vita.

Na vita vilikuja kweli. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliivamia Kagera. Machi 1979 ndege ya Libya ilidondosha mabomu Mwanza, na mwezi wa Aprili Kampala ikaanguka. Ushindi ulikuwa wa haki, lakini hazina ilibaki tupu. Mwishoni mwa 1979 Edwin Mtei, Waziri wa Fedha, alijiuzulu, akiwa amehitilafiana na Rais Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwanza, katikati ya nchi ya pamba, penye kiwanda cha Mwatex, watu walitafuta nguo wasizipate. Sabuni, sukari na mafuta ya taa vilipatikana kwa foleni au kwa magendo, nayo magendo yalipita ziwani usiku.

Tarehe 26 Februari 1982, vijana waliiteka ndege ya Shirika la Ndege la Tanzania iliyoruka kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Waliipitisha Nairobi, Jeddah na Athens, hata uwanja wa Stansted, Uingereza, wakidai Nyerere aondoke madarakani. Siku mbili baadaye walisalimu amri, kisha wakafungwa. Ulimwengu uliwatazama hao, ukadhani ndio upinzani wa Mwanza. Kumbe upinzani uliokuwa na uzito ulikuwa kimya, tena ulikuwa shambani. Mkulima hakuandamana wala hakushika silaha. Aliipa kisogo pamba, akalima mpunga na mahindi ambayo angeweza kula au kuuza kwa njia yake. Na wizi wa ng'ombe ulipozidi, wananchi wa Usukuma na Unyamwezi waliunda sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, bila kungoja amri ya mtu.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha msako wa wahujumu uchumi. Walanguzi wengi walinaswa, na wengine wakazitupa bidhaa zao kwa hofu. Walakini maduka hayakujaa, kwa maana mlanguzi alikuwa mtoto wa uhaba, si baba yake. Sheria ya mwaka 1982 ilikuwa imekwisha kuruhusu vyama vya ushirika virudi, na mwaka 1984 vikarudi. Mwaka huo Nyerere mwenyewe alikiri kwamba, kama angeanza upya, asingevunja serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Mwaka 1985 aling'atuka kwa hiari, na Mwinyi, yule aliyejiuzulu kwa ajili ya makosa ya wengine, akashika urais.

Kukiri huko kwafaa kuheshimiwa, maana viongozi wachache hukiri. Lakini kulikuja baada ya miaka minane, na gharama yake ilikuwa imekwisha kulipwa na mkulima aliyesimama mbele ya mizani bila mtu wa kumuuliza. Basi mwanafunzi wa historia asiulize tu ni misiba gani iliyoiangukia nchi. Aulize pia ni nani aliyekuwa na haki ya kudai hesabu misiba hiyo ilipofika. Mwanza, tangu 1976, hakuwapo.